Swichi Iliyozimwa Nairobi

Mwishoni mwa Novemba 2000, kampuni chache za intaneti jijini Nairobi zilichomeka nyaya zao kwenye swichi moja na kuiwasha. Telkom Kenya ikalalamika, Tume ya Mawasiliano, CCK, ikasema mtambo huo hauna leseni, na kabla majuma mawili hayajaisha ukazimwa kwa amri. Kijana wa leo anayetazama mpira kwenye simu ndani ya matatu huenda asiamini kwamba vita vile vilipiganwa kwa jambo dogo hivyo: ruhusa ya watu wa mji mmoja kuwasiliana bila kupitia ng'ambo.

Wakati huo, ukiwa Westlands na mwenzako yuko Upper Hill, naye ni mteja wa kampuni nyingine, baruapepe yako ilipaa hadi kwenye satelaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikateremka Marekani au Ulaya, ikageuzwa huko, ikapaa tena ndipo ishuke Nairobi. Hizo ni zaidi ya kilomita 140,000 kwa mwendo ambao mtu angeumaliza kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Tena safari hiyo ililipiwa kwa dola, na gharama ikamwangukia mteja.

Hali hiyo ilikuwa na mizizi mirefu. Pwani yetu ilipata waya wa simu ya maandishi chini ya bahari mapema, mwaka 1879, Unguja ilipounganishwa na Aden. Kituo cha satelaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikaunda shirika lake la Posta na Simu, KPTC, ambalo baadaye likawa mwenye kila waya na kila mlango wa kutokea nje. Intaneti ilipoingia nchini mwaka 1995 kupitia taasisi ya ARCC, na kampuni za watu binafsi kama Africa Online zikaanza kutafuta wateja, zote zilitegemea njia za shirika hilo. Mwaka 1999 KPTC iligawanywa, na Telkom Kenya ikarithi ukiritimba wa miaka mitano. Kwa hiyo Telkom ilipolalamika haikuzua. Ilikuwa na karatasi mkononi.

Ila karatasi hiyo ilikuwa na mpaka, na hapo ndipo kampuni hizo, kupitia chama chao TESPOK, zilipokazania. Zilisema ukiritimba unahusu mawasiliano ya kimataifa, ilhali swichi yao, iliyoitwa KIXP, haikuvusha chochote nje ya nchi. Ilikuwa mahali pa wenyeji kupokezana mizigo ya wenyeji. Zilibishana kwa takriban mwaka mzima. Nawavulia kofia wahandisi wale, kwa maana kampuni hizo zilikuwa zikinyang'anyana wateja mchana kutwa, kisha zikaketi meza moja kutetea mtambo usio mali ya yeyote kati yao.

Leseni ilitoka Novemba 2001, na Februari 2002 KIXP ikawaka tena, kampuni tano zikiwa zimejiunga. Tofauti ilionekana upesi. Jibu lililokuwa likichukua sekunde moja hadi mbili kurudi lilianza kurudi kabla sehemu moja ya kumi ya sekunde haijaisha. Kwa aliyekuwa akilipia saiba kwa dakika, huo haukuwa utaalamu wa vitabuni.

Ukiritimba ulikoma mwaka 2004, na baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Simu kupitia intaneti, iliyokuwa marufuku, ikaruhusiwa. Kampuni ya intaneti ya AccessKenya ikaingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2007. Mwaka 2009 mikongo miwili ya baharini, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, ilifika Mombasa. Katika TEAMS serikali iliweka hisa pamoja na kampuni za simu na intaneti, na Wananchi, moja ya kampuni zilizoanza kwa kuuza intaneti ya kupiga kwa simu ya waya, ikawa miongoni mwa wenye mkongo. Kampuni hiyohiyo, kwa jina la Zuku, ilianza kupeleka majumbani waya mmoja wenye intaneti, runinga na simu. Ukilinganisha na siku za KPTC, ambapo mtu alisubiri miaka kuwekewa simu ya mezani, hayo ni mapinduzi makubwa.

Kasoro yake ni kwamba faiba hufuata pesa. Ilianza na mitaa ya ghorofa Nairobi na Mombasa, ikaruka vitongoji vya mabanda vilivyo hatua chache kutoka hapo. Ndiyo maana naipa uzito hatua ya mwaka 2021, ambapo mdhibiti, ambaye sasa huitwa Mamlaka ya Mawasiliano, aliweka aina mpya ya leseni, ya gharama nafuu, kwa mitandao inayoendeshwa na jamii yenyewe. Huko Kibera, TunapandaNET ilikuwa tayari imefunga antena juu ya mapaa na kuziunganisha shule na vituo vya vijana kabla leseni hiyo haijakuwepo. Safari hii wenye mtambo mdogo hawakuambiwa wauzime.