Kusema Mashairi ya Mchezo Jukwaani: Habari za Ufipa

Mwaka 1963 mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar ulitolewa kwa Kiswahili, nao ulifasiriwa na Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa Tanganyika wakati ule, na zamani mwalimu katika shule ya misheni huko Tabora. Mwaka 1969 aliutoa tena baada ya kuusahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Wenzetu wamebishana sana juu ya neno hilo “mabepari”. Sisi hatutaingia humo. Lililotushughulisha hapa Ufipa ni jambo dogo zaidi, yaani jinsi ya kuyatamka mashairi hayo mbele ya watu.

Shairi la pwani tulilolizoea lina mizani nane na nane, na kina katikati na mwisho. Sauti yajua mahali pa kupumzika. Mfasiri huyu alifuata mtindo wa Shakespeare mwenyewe, wa mistari isiyo na vina, ambamo maana huvuka mwisho wa mstari na kuendelea katika mstari ufuatao. Tena neno la Kiswahili hutiwa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo karibu kila mstari huishia kwa kushuka. Msemaji asipoangalia, sauti yake itaanguka kila mstari, na sentensi itakatika vipande.

Twakiri kosa letu. Tulipowafundisha wavulana wa shule moja karibu na Sumbawanga, tuliwafundisha kuhesabu mizani kwanza, na maana tukaiacha nyuma. Siku ya mchezo yule kijana aliyekuwa Antony akaiimba hotuba yote kama utenzi. Akina mama waliokaa mbele wakaitikia kwa makofi, kwa furaha kabisa, wala hawakutambua ya kuwa mbele yao pana maiti.

Ndipo tukageukia masimulizi ya nyumbani. Wafipa husimulia habari za Milansi, ya kuwa mfalme alikwenda kuwinda, na nyuma yake wakaja wanawake wageni. Mkewe akawapa kiti cha ufalme, na aliporudi ukoo wa Twa ulikwisha kutawala. Mzee asimuliaye habari hiyo haimbi. Husema, hunyamaza, huinua mkono, na kila asikiaye hujua ni nani anenaye. Basi tukatunga mistari yetu ya mazoezi:

Mfalme aliporudi kutoka
mawindoni, akakuta kiti chake
kimekaliwa na wageni.

Mwanafunzi aliyepumzika baada ya “kutoka” alichekwa na wenzake, kwa maana mfalme alikuwa hajatoka po pote. Alijifunza kuishikilia sauti hata “mawindoni”, na kuvuta pumzi penye alama ya mkato. Hapo ndipo tulipoanza kusoma Kaizari upya, kwanza kama mazungumzo ya kawaida, kisha kama mashairi. (Kifipa chenyewe hupambanua maneno kwa kupandisha na kushusha sauti; watoto hawa wana masikio makali kuliko sisi tulivyodhani.)

Jambo moja liliwasaidia kuliko yote. Shakespeare alimpa Brutus hotuba ya maneno ya kawaida mbele ya makutano, lakini Antony alimpa mashairi. Brutus hutoa hoja, Antony hutikisa mioyo. Tukawaambia wavulana: Antony ana haja ya kuwageuza watu hawa kabla hawajaenda zao; mahali wanapoanza kugeuka, hapo nyamaza kidogo. Kwa siku nyingi yule kijana aliogopa kunyamaza, akidhani watu watasema amesahau.

Mwaka uliofuata walicheza tena. Antony alipoliinua vazi la marehemu lenye matundu ya visu, alinyamaza, na hapakuwa na makofi. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akamwambia jirani yake kwa Kifipa, kwa sauti tuliyoisikia sote, ya kuwa mtu huyu ni mjanja, asisadikiwe.