Mpingo, Abunusi na Mdomo wa Klarineti: Habari za Vipande vya Mti wa Kusini

Mafundi wa ala za kupulizwa katika nchi za Ulaya na Marekani hutafuta siku zote vipande vidogo vya mti mgumu vifaavyo kukerezwa viwe midomo ya klarineti, nao huona bei yake ni ghali. Katika wilaya za Masasi na Newala kipande cha kadiri hiyo ni mabaki ya kazi ya mchonga vinyago. Makala haya yataka kueleza kwa nini kitu kimoja kiwe takataka huku na tunu kule, na historia imefanya nini kuitia tofauti hiyo nguvu.

Tuanze na majina, maana majina nayo yamesafiri. Mti wenyewe, ambao wataalamu wa mimea huuita Dalbergia melanoxylon, sisi twauita mpingo. Walakini Kiswahili kina neno jingine, abunusi, lililotujia kwa Kiarabu. Waarabu walilipata kwa Wayunani, na Wayunani kwa Wamisri wa kale, waliokuwa wakiandika hbny. Ajabu ni kwamba mbao nyeusi zilizochunguzwa katika makaburi ya Mafirauni zimeonekana kuwa za mpingo, wala si za ile miti ya jamii ya Diospyros ambayo leo ndiyo huitwa abunusi halisi. Basi neno lilitoka Afrika pamoja na mti, likazunguka bahari mbili, likarudi pwani yetu likiwa geni, na kumkuta mwenyeji mpingo hajaondoka.

Sifa za mti huu hazina mfano. Mita moja ya ujazo ina uzito wa tani 1.2 au zaidi, hata kipande kikitiwa majini huzama. Moyo wake ni mweusi wa kuelekea zambarau, na nje una utando mwembamba wa rangi ya manjano ambao fundi hana haja nao. Hukua polepole mno. Mti wa kukatwa huwa umekwisha ishi miaka 70 au 100. Tena mara nyingi shina lake limepinda, lina mifuo na nyufa, na pengine lina uvungu. Kwa hiyo gogo likipasuliwa, mbao safi zipatikanazo kwa ajili ya ala hazifiki hata sehemu moja katika kumi.

Klarineti ilibuniwa huko Nuremberg yapata mwaka 1700, na sifa hupewa Johann Christoph Denner. Kwa zaidi ya karne moja mafundi walitumia mti wa manjano uitwao buksi. Ilipofika karne ya 19, vitufe na vyuma vilizidi kuongezwa juu ya ala, ikahitajika mbao isiyojikunja kwa mvuke wa pumzi na ishikayo skrubu barabara. Hapo mpingo ukachukua nafasi. Waskoti nao, waliokuwa wakitumia miti ya visiwa vya Karibi kwa zumari zao za mfuko, wakaugeukia mpingo karne hiyohiyo ilipokuwa ikiisha.

Mdomo wa klarineti una habari yake peke yake. Hapo kwanza ulichongwa kwa mti kama kiwiliwili. Lakini mdomo ndio upatao unyevu mwingi kuliko sehemu zote, na uso wake, ambapo ulimi wa tete hulazwa, ukipinda hata kwa unene wa unywele sauti huharibika. Charles Goodyear alipopata hataza ya kupika mpira kwa kibiriti mwaka 1844, ilifunguka njia ya kutengeneza eboniti, mpira mgumu mweusi ambao jina lake tu laonyesha unaiga nini. Midomo mingi hata leo ni ya eboniti. Hata hivyo wako mafundi waipendao sauti ya mti, na wako watengenezao ala kwa mtindo wa kale. Hao ndio watafutao vipande vya mpingo.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Masasi yajulikana katika historia tangu mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipofika na watumwa waliokombolewa, wakajenga chini ya milima ya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo mtu huliona bonde la Ruvuma chini yake. Karl Weule, Mjerumani aliyezitembelea sehemu hizi mwaka 1906, aliandika habari za watu na sanaa zao. Wamakonde wa zamani walichonga vinyago vya kuvaa usoni kwa miti laini na myepesi, ili mchezaji asilemewe. Kuuchonga mpingo kwa wingi ni jambo lililokua na biashara, hasa baada ya wachongaji kutoka Msumbiji kuhamia Tanganyika na kupata wanunuzi Dar es Salaam katika miaka ya 1950. Mpingo hauoti sana katika vichaka vya uwandani, bali katika miombo ya nchi za chini: Masasi, Nachingwea, Liwale, Kilwa.

Kilichoulinda mti huo zamani kilikuwa ubovu wa njia. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, lakini reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga iling'olewa katika miaka ya 1960, na mto Rufiji ulikata kusini na Dar es Salaam kila masika. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, wakata magogo walimiminika. Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2007 ilionyesha kwamba sehemu kubwa sana ya ushuru wa misitu ya kusini haikufika serikalini, na mwanakijiji aliambulia kidogo mno. Huo ndio uliokuwa unafuu wa bei: ulilipwa na asiyeulizwa.

Dawa imeanza kupatikana. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kumiliki misitu yao, na mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa, Kikole kikiwa miongoni mwao, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC. Kijiji chenye msitu wake hupatana bei ya gogo chenyewe.

Hapa ndipo kipande kidogo kipatapo maana. Mdomo una urefu wa sentimita 9 hivi; kiungo cha juu cha klarineti chazidi 20. Ubao uliokataliwa kwa kiungo kwa sababu ya ufa katikati waweza kutoa midomo miwili isiyo na ila, na hakuna mti wa pili utakaoangushwa. Lakini tangu Januari 2017 miti yote ya Dalbergia imo katika orodha ya mkataba wa CITES, na kipande kisichokerezwa chahitaji hati kivukapo mpaka. Fundi anunuaye vipande vitano ahangaikia hati kama anunuaye elfu. Mkataba uliporekebishwa mwaka 2019, ala zilizokamilika na sehemu zake zilizokamilika ziliondolewa katika sharti hilo.

Maana yake ni wazi. Kipande ghafi cha Masasi hulipiwa hati. Mdomo uliokerezwa Masasi hauhitaji hati hiyo. Kiswahili kina maneno kukereza na kerezo tangu zamani, na mikono ya Newala yajulikana dunia nzima. Kinachopungua ni kerezo yenyewe, kekee nzuri, na kipimo cha uso wa mdomo. Vyombo hivyo vikifika, bei itakuwa nafuu kwa mpiga klarineti wa mbali, na fedha ya kazi itabaki kwa watu wa kusini, ambao mpingo umeota kwao.