Mlezi wa Usiku katika Hoteli za Musoma

Mji wa Musoma umekaa juu ya rasi iingiayo katika Ziwa Viktoria, na tangu zamani ni mji wa wapitao njia. Hapo kwanza waliletwa na meli. Siku hizi waja kwa magari. Wengine wametoka Kenya kwa mpaka wa Sirari, wengine wametoka Mwanza. Wako waendao Butiama kulizuru kaburi la Mwalimu Nyerere, na wako waendao Serengeti kwa lango la Ndabaka, upande wa Bunda. Wakiwa na watoto, jioni huzuka haja ndogo. Mume na mke wapenda kutoka, wakale sato ufukweni au wakasikilize muziki, na mtoto amekwisha lala. Nani atakaa naye? Mwenye hoteli huulizwa, naye humwita binti mmoja, mara nyingi ni yule yule aliyetandika vitanda asubuhi. Ujira hupatanwa mlangoni, na jambo limekwisha.

Jambo hili, kwa udogo wake wote, lina nasaba ndefu.

Katika nchi ya Mara na jirani zake kumwangalia mtoto haikuwa lazima iwe kazi ya mtu mzima. Kati ya 1955 na 1957 Robert LeVine na mkewe wa wakati ule, Barbara, walikaa Nyansongo katika nchi ya Wagusii, ng'ambo ya pili ya mpaka, ambao ni ndugu wa Wakuria kwa lugha na kwa desturi. Waliona kwamba mama aendapo shambani, kitoto chake huachiwa mtoto mwingine, aghalabu msichana wa miaka sita hadi kumi hivi, aitwaye omoreri. Mwenye kuzijua lugha za Kibantu hatapata taabu kuutambua ujamaa wa neno hilo na neno la Kiswahili mlezi. Kulea kwa Kigusii ni korera. R yao yasimama mahali pa l, na ile l ya pili ya asili, iliyopotea katika kulea, imeacha nyayo zake katika z ya mlezi. Thomas Weisner na Ronald Gallimore walionyesha mwaka 1977 kwamba desturi hii ya mtoto kumlea mtoto yapatikana katika mataifa mengi ya dunia, wala si ajabu ya Afrika peke yake.

Lakini yafaa kutazama kwa makini mipaka ya kazi ile, maana hapo ndipo wengi wapitapo mbio. Omoreri hakuwa mgeni kwa mtoto. Alikuwa dada yake au jamaa yake. Mama hakuwa mbali sana, na kilio kikizidi aliweza kuitwa. Zaidi ya hayo, kazi yake ilikuwa ya mchana. Jua likichwa mtoto alirudi kwa mama yake, akalala ubavuni pake. Usiku haukuwa wa omoreri.

Neno la pili, yaya, lilikuja kwa njia ya bahari. Wareno walimwita mlezi wa kike aia; neno likakaa Bara Hindi, likazoeleka katika nyumba za Waingereza waliotawala huko, na likafika pwani ya Afrika Mashariki likiwa limevaa nguo ya Kiswahili. Pamoja na neno kulikuja jambo jipya: mlezi wa kukodiwa kwa safari. Familia za Kiingereza zilizorudi kwao zilimchukua yaya ili awaangalie watoto melini. Meli ikifika, wako walioachishwa kazi pale pale, bila nauli ya kurudi. Kwa ajili ya wanawake hao ilikuwako London nyumba ya kuwapokea, ambayo tangu 1900 ilikuwa Hackney, katika mtaa wa King Edward's Road, chini ya uangalizi wa wamisionari. Kibao cha ukumbusho kilitundikwa hapo mwaka 2022. Hivyo binti wa hoteli akaaye na mtoto wa msafiri kwa saa nne ni mrithi wa wanawake wale kuliko alivyo mrithi wa omoreri, ijapokuwa yeye mwenyewe hakupata kusikia habari za Hackney.

Katika Tanganyika ya wakoloni kazi za nyumbani zilikuwa hasa kazi za wanaume. Mpishi alikuwa mwanamume, na dobi vilevile. Janet Bujra, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya watumishi wa Lushoto, aeleza jinsi kazi hiyo ilivyogeuka baadaye ikawa ya wanawake. Na mlango ambao baadhi yao waliingilia mapema ulikuwa huo wa uyaya. Wafanya kazi wa majumbani na wa hotelini walijiona watu wa kundi moja: waliunda chama kimoja, na mwishoni mwa 1956 chama hicho kiligoma Dar es Salaam. Hata leo chama cha CHODAWU chawakusanya pamoja watumishi wa hoteli na wa majumbani. Mlezi wa usiku hotelini ni vyote viwili kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyo ni rahisi asihesabiwe popote.

Sheria haikumsahau kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Usiku, kwa sheria hiyo, waanza saa mbili na kwisha saa kumi na mbili asubuhi. Afanyaye kazi katika saa hizo astahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa, na asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo yamkataza mtoto kazi ya usiku. Basi msichana wa miaka 15 aweza kuajiriwa mchana kwa kazi nyepesi. Mgeni akimtaka akae na mtoto wake tangu saa moja na nusu, ikipiga saa mbili kazi ile ile imekuwa haramu. Wageni wengi hawajui hayo, na wenye hoteli wajuao hawana haraka ya kuyasema.

Kuhusu ujira, Amri ya Mishahara ya 2013 iliweka kima cha chini cha mtumishi akaaye nyumbani kwa mwajiri kuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, na ile ya 2022 ikakipandisha hadi 60,000. Hesabu hizo ni za mwezi. Patano la jioni moja, lililofanywa mlangoni, ni vigumu kulipima kwa kipimo hicho.

Wazazi nao wana hofu yao, wala si hofu ya bure. Tarehe 3 Mei 2007, huko Praia da Luz katika Ureno, mtoto wa Kiingereza aliyekaribia miaka minne alitoweka chumbani alimolala, wakati wazazi wake wakila chakula cha jioni hatua chache kutoka hapo. Tangu siku hiyo msafiri wa Ulaya amwacha mtoto kwa moyo mzito, na humwuliza mlezi maswali mengi. Binti wa Musoma aulizwa kama ajua Kiingereza. Haulizwi kama ajua kuchomeka chandarua chini ya godoro, na kando ya ziwa lenye mbu wa malaria hilo ni swali kubwa zaidi.

Wenyeji humwita dada: dada wa kazi, dada wa hoteli. Neno limerudi kwenye udugu, na malipo yamebaki ya kibarua. Naye akiwa ana mtoto wake Nyasho au Mwisenge, saa hiyo ya usiku mtoto huyo yuko na bibi yake. Au, pasipo bibi, yuko na nduguye wa miaka minane, na mama hayupo mahali pa kusikia kilio.