Pafukapo Moshi: Historia ya Chumba cha Sigara Melini



Meli kubwa ya kitalii inapotia nanga Kilindini, watu wa Mombasa hawaachi kuitazama. Ni kama mji uliong'olewa mahali pake ukaelea. Ndani mna vyumba vya kulala kwa mamia, maduka, bwawa la kuogelea na jumba la maonyesho. Na katika baadhi ya meli hizo mna ukumbi mmoja mdogo, wenye viti vya ngozi na mwanga hafifu, ambamo abiria huketi baada ya chakula cha jioni kuvuta siga, yaani ile sigara nene iliyoviringwa kwa jani tupu la tumbaku. Hapo hakuna haraka. Siga moja yaweza kumshika mtu saa nzima, huku kinywaji kiko mkononi na bahari iko dirishani.

Juma hili nawaomba tuketi kidogo katika ukumbi huo. Sikusudii kuwasifia tumbaku, wala kuwahubiria. Nataka tuutazame mlango wake. Maana historia ya chumba hiki ni historia ya mlango: nani aliruhusiwa kuingia, nani aliachwa nje, na nani alilipia starehe ya waliokuwa ndani.

Meli za mwanzo za mvuke zilizovuka Bahari ya Atlantiki, miaka ya 1840, hazikuwa na mahali maalumu pa kuvutia tumbaku. Meli zilijaa mbao, na moto baharini ni adui asiyekimbiwa. Aliyetaka kuvuta alipanda sitahani, akajibanza karibu na bomba la moshi apate joto, akavuta katika upepo na manyunyu ya mawimbi. Ilipofika miaka ya 1870 na 1880, makampuni yakishindania abiria matajiri, ndipo chumba cha sigara kilipoanza kuwa jambo la kawaida. Kilifanywa kama klabu ya mabwana wa London iliyopakiwa melini: mbao nzito, viti vya ngozi, meza za karata, na hakuna mwanamke. Wanawake walikuwa na chumba chao cha kusomea na kuandikia barua.

Humo ndimo siku zilimoishia. Kila adhuhuri maafisa walipopima maili ambazo meli imekwenda tangu jana yake, mabwana walikuwa wameshawekeana dau. Namba za maili ziliuzwa kwa mnada, na aliyeshika namba ya kweli alibeba fedha. Walikuwamo pia walaghai wa karata waliosafiri kwenda na kurudi wakiishi kwa mifuko ya wenzao, hata makampuni yakawa yanachapisha maonyo kwa abiria wajihadhari na wacheza kamari wa kazi. Basi nguo nzuri na siga ghali havikuwa ushahidi wa uungwana.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Titanic, meli iliyozama Aprili 1912. Chumba cha sigara cha daraja la kwanza kilikuwa na kuta za mahogani zilizotiwa vipande vya chaza vinavyometa, madirisha ya vioo vya rangi, na meko ya kuotea moto yenye makaa ya kweli. Juu ya meko palitundikwa mchoro wa bandari ya Plymouth, kazi ya Norman Wilkinson. Daraja la pili walikuwa na chumba chao cha sigara, na daraja la tatu chao pia. Mzungu mvuja jasho aliyekwenda Marekani kutafuta maisha aliruhusiwa kuvuta, mradi avutie kwake.

Sasa tuteremke chini, ambako abiria hawakufika. Titanic ilikuwa na boila 29 zenye matanuri 159, na ilikula kiasi cha tani 600 za makaa kwa siku. Makaa hayo hayakujipeleka motoni. Yalipelekwa kwa koleo na wanaume waliofanya kazi zamu ya saa nne, wakapumzika saa nane, kisha wakarudi. Juu, bwana alitazama moto mdogo mekoni akasema kumbe baharini nako kwaweza kupendeza kama nyumbani. Chini, mwenzake alitazama moto mkubwa usoni na vumbi la makaa likashuka kifuani. Wote wawili walivuta moshi. Mmoja aliulipia, mwingine alilipwa mshahara mdogo auvumilie. Meli ilipozama, watu wapatao 1,500 walikufa, na wachochea moto wengi walikuwa miongoni mwao.

Wasikilizaji wapenzi, msidhani kwamba habari hii ni ya Wazungu peke yao. Katika meli za Waingereza zilizopita Bahari ya Hindi, waliochochea matanuri mara nyingi walikuwa watu wa pande zetu. Waingereza waliwaita Sidi: Waafrika, wengi wao wenye asili ya pwani hii, walioandikwa kazi Unguja, Aden na Bombay. Wasomali nao waliingia kazi hiyo, na baadhi yao wakalowea Cardiff, ambako vizazi vyao vipo hadi leo. Kwa hiyo afisa wa serikali ya kikoloni alipokuwa akivuta siga yake melini akielekea Mombasa, huenda chini ya miguu yake palikuwa na mtu wa Mombasa, mwenye koleo.

Wazee wetu watazikumbuka meli za kampuni ya British India. Kenya ilianza safari mwaka 1951 na Uganda mwaka 1952, kati ya London na pwani ya Afrika Mashariki. Uganda ilikuwa na chumba cha sigara kilichopambwa kwa jozi ya pembe za ndovu. Hebu fikirini: ndovu wa bara letu amekuwa pambo la chumba ambacho wenye bara hilo, kwa sehemu kubwa, wangekiingia wakiwa na sinia mkononi. Kati ya Bombay na pwani yetu zilikwenda Karanja na Kampala, na humo abiria wengi walisafiri sitahani, na matandiko yao, vyakula vyao na watoto wao. Nao walivuta sigara na biri zao, ila chumba chao kilikuwa upepo.

Meli hizo ziliuawa na ndege za jeti. Uganda iliacha njia ya Afrika Mashariki mwaka 1967, ikageuzwa kuwa meli ya kutembeza wanafunzi wa Uingereza, ikawa hospitali katika vita vya Falkland mwaka 1982, na mwaka 1986 ikauzwa kuwa vyuma chakavu huko Taiwan. Safari ya lazima ikawa imekwisha. Ikabaki safari ya starehe.

Nayo starehe ilirudi na siga. Miaka ya 1990 siga zilipata mtindo mpya Marekani, na meli za kitalii zikafuata. Meli ya Queen Mary 2, iliyoanza safari mwaka 2004, ina ukumbi wa siga uitwao Churchill's. Tofauti na zamani, mwanamke anaingia. Mweusi anaingia. Tikiti tu.

Lakini, wasikilizaji, tazameni mlango ulivyogeuka. Mwaka 1998 ilizinduliwa meli ya Paradise, ambayo kwa miaka kadhaa ilikataza sigara kila mahali, na abiria aliyevunja amri alitozwa faini na kuteremshwa bandari ifuatayo. Machi 2006, meli ya Star Princess ilishika moto karibu na Jamaica. Vyumba vingi viliharibika na abiria mmoja akafa. Wachunguzi waliona kwamba chanzo kilichoelekea kuwa ndicho ni kipande cha sigara kilichotupwa kikaangukia roshani. Baada ya hapo makampuni yalizidi kukaza kamba: vyumbani marufuku, roshanini marufuku. Chumba cha sigara, kilichojengwa zamani kuwazuia wengine wasiingie, leo kimekuwa mahali pa kumfungia mvutaji asitoke na moshi wake.

Hata ufundi wake umepinduka. Mwaka 1936 Wajerumani waliirusha Hindenburg, meli ya angani iliyojazwa haidrojeni, gesi inayowaka upesi. Hata humo walitenga chumba cha sigara! Hewa yake ilisukumwa iwe na nguvu kuliko ya nje ili haidrojeni isipenye ndani. Mlango ulikuwa wa mara mbili, na kiberiti kilikuwa kimoja tu, cha umeme. Kumbi za siku hizi hufanya kinyume: hewa hunyonywa ili moshi usipenye nje. Zamani walimlinda mvutaji na hatari ya nje. Leo wanawalinda walio nje na mvutaji.

Lakini yuko mtu mmoja ambaye hakuna mlango unaomlinda. Ni yule anayeleta kinywaji, anayebadilisha kisahani cha majivu, anayetabasamu saa sita mfululizo katika moshi asiouvuta mwenyewe. Mwaka 2006 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyosema kwamba hakuna kiasi salama cha moshi wa tumbaku ya mwingine, na kwamba mashine za hewa haziwezi kuuondoa wote. Hapa Kenya tuna sheria ya kudhibiti tumbaku tangu mwaka 2007. Baharini, meli hupepea bendera ya nchi nyingine, na mfanyakazi hufuata masharti ya mkataba alioutia sahihi.

Nasema haya kwa kuwa vijana wetu wa pwani wanazitafuta kazi za meli hizo, na sina neno la kuwazuia. Kazi ni kazi, na mshahara huo hujenga nyumba. Nawaomba tu waulize kabla ya kutia sahihi: nitawekwa ukumbi gani, kwa saa ngapi, na nikiumwa kifua nitatibiwa na nani? Babu zao walioshika koleo hawakuwa na wa kumwuliza.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Nami naongeza: penye moto pana mtu aliyeuchochea. Siku utakapoiona tena meli inang'aa bandarini, hesabu madirisha yake ukitaka, lakini usisahau kwamba chini ya mstari wa maji, ambako hakuna dirisha, ndiko inakotoka nguvu ya kuiendesha.

Hadi juma lijalo, kwaherini.