Gari Lisilo na Taa: Wazimamoto katika Kumbukumbu za Jjajja Wangu

Nina daftari la jalada gumu ambalo nimelijaza tangu nikiwa kidato cha pili. Ndani yake nimeandika kila hadithi ya mizimu, majini, misambwa ya mtoni na vivuli vya makaburini niliyowahi kusimuliwa, na kila hadithi nimeipa nyota kulingana na jinsi ilivyonitisha. Wenzangu bwenini wananicheka. Umeme ukikatika wao hulalamika kwa sababu ya simu zao, mimi hufurahi kimoyomoyo, maana giza hunirudisha kijijini kwetu upande wa Masaka, kwenye mwanga wa tadooba, kile kibatari cha bati kinachotoa moshi kuliko mwanga. Napenda mambo ya kale. Napenda kaseti zilizokwaruzika, redio zenye sauti ya mikwaruzo, na wazee wanaoanza kusimulia bila kuombwa.

Hadithi pekee iliyopata nyota tano katika daftari langu ni ya jjajja wangu, mama mzaa mama. Nilimrekodi kwa simu miaka minne iliyopita. Alinieleza kwamba alipokuwa msichana mdogo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kulikuwa na gari lililopita barabarani usiku bila kuwasha taa. Ndani yake walikuwamo watu walioitwa bazimamoto. Walimkamata mtu aliyetembea peke yake, wakamziba mdomo, wakampeleka mahali penye shimo na kumnyonya damu kwa mpira hadi ikaisha. Damu hiyo ilipelekwa kwa Wazungu. Waliofanya kazi hiyo, alisisitiza, walikuwa Waafrika kama sisi, wenye mshahara na viatu. Kijiji kizima kiliposikia mngurumo wa injini baada ya magharibi kilikimbilia migombani. Mwishoni kabisa wa rekodi anasema, kwa sauti ya chini, kwamba kaka yake mkubwa alichukuliwa nao.

Kwangu hapo ndipo utamu ulipokuwa. Niliizima simu, nikachora nyota tano.

Mwaka huu katika somo la historia ya Afrika Mashariki tuliombwa kuandika insha kwa kutumia masimulizi ya familia. Nikajua nimeshamaliza kazi. Nilijisomea kwanza, na nikagundua kwamba hadithi ya jjajja haikuwa yake peke yake. Mwanahistoria Mmarekani Luise White aliwahoji wazee wa Kenya na Uganda juu ya jambo hilihili, na mwaka 2000 akachapisha kitabu kiitwacho Speaking with Vampires. Nilipokisoma nywele zilinisimama, na safari hii haikuwa kwa hofu ya mizimu. Gari, usiku, shimo, mshahara wa siri: wazee ambao jjajja hakuwahi kuonana nao walisimulia karibu kwa maneno yake.

Nje ya Uganda jina lilibadilika. Nairobi walikuwa wazimamoto. Pwani na Tanganyika waliogopwa mumiani na chinjachinja, Katanga na maeneo mengine ya Kongo ya Wabelgiji wakaogopwa batumbula, na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, banyama. Uvumi huu haukuwa mchezo wa kutishia watoto. Mwaka 1959 huko Buguruni, Dar es Salaam, ghasia zilizotokana na hofu ya mumiani ziliishia kwa kuuawa kwa askari polisi.

Neno mumiani lenyewe lina safari ndefu. Asili yake ni Uajemi, ambako mumiya ilikuwa dawa nyeusi inayofanana na lami au nta, iliyotumika kwa mifupa iliyovunjika. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939 iliyohaririwa na Frederick Johnson inaieleza dawa hiyo kisha inaongeza kwamba watu wengi waliamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Msomaji wa Ulaya huenda alitabasamu kwa dharau aliposoma hivyo. Asingepaswa. Karne ya 16 na ya 17 maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti za kale za Misri kwa jina la mumia, na wagonjwa waliulipia na kuumeza. Kwa hiyo kama swali ni nani aliwahi kula miili ya wengine kama dawa, jibu lake si rahisi kama walivyodhani maofisa wa kikoloni.

Lakini mimi ni mtu wa Uganda, na swali lililonikera zaidi lilikuwa la lugha. Kwa nini Waganda, wenye lugha yao na majivuno yao juu yake, waliwaita watu hao kwa neno la Kiswahili? Bazimamoto ni wazimamoto aliyevaa kiambishi cha Kiganda. Huko kijijini kwetu hakuna mtu aliyewahi kuona kikosi cha zimamoto. Nyumba ikishika moto majirani huja na mitungi ya maji. Neno lilifika kabla ya gari.

Jibu ninaloliamini ni kwamba lilifika pamoja na watu wa serikali. Wakati wa ukoloni Kiswahili katika Uganda kilikuwa lugha ya kambi: lugha ya King's African Rifles na ya polisi. Mkulima wa Buganda alikisikia kutoka kwa mtu mwenye bunduki au mwenye pingu. Jjajja anasema neno la kwanza la Kiswahili alilolijua maishani ni hilo la wazimamoto. La pili ni "kuja hapa", la askari wa Amin, ambaye mwaka 1973 alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. La tatu alilipata mwaka 1979 jeshi la Tanzania lilipoingia na mji wa Masaka ukabomolewa. Askari wale walijulikana kama wakombozi, na sisi tukasema bakombozi. Hilo la tatu analitamka bila kukunja uso, lakini mji haukuwapo tena.

Ndiyo maana nilipomwambia kwamba nitasoma Kiswahili chuo kikuu alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama nataka kuwa polisi. Nilicheka. Nilimweleza kwamba tangu mwaka 2005 katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na kwamba mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

Baada ya lugha inabaki damu. Nilitaka kujua kwa nini damu, badala ya moyo au kichwa, na hapa historia ya nchi yetu inasema mengi kuliko mizimu yote ya daftari langu. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 kuzunguka ziwa Victoria, katika Busoga na Buganda. Tume ya Royal Society ilitumwa Entebbe, na mwaka 1903 David Bruce na wenzake walikuwa wakitafuta vimelea katika damu na katika maji ya uti wa mgongo. Fikiri jambo hili lilivyoonekana kwa mtu asiyeelezwa chochote. Mgeni anakuja na kukutoboa kidole. Anapapasa tezi za shingo yako na kuzichoma sindano. Wengine wanalazwa kwa ubavu na kuchomwa mgongoni. Dawa ya kuponya hakuna, au ipo na inadhuru macho. Kisha, kuanzia mwaka 1906, Gavana Hesketh Bell anaamuru watu wahamishwe kutoka ufukweni, na visiwa vya Ssese vinaachwa vitupu.

Babu zake jjajja walikuwa watu wa ufukweni. Walihamishwa, na ndivyo tulivyokuwa watu wa bara tusiojua kuvua samaki. Jjajja alilelewa na wazee waliokumbuka sindano hizo. Halafu mwaka 1936, miaka michache kabla hajazaliwa, taasisi ya utafiti wa homa ya manjano ilifunguliwa Entebbe kwa fedha za Rockefeller Foundation, na watafiti wake wakakusanya damu za watu na za wanyama sehemu nyingi. Ilikuwa kazi ya maana: virusi vya West Nile vilitambuliwa na watafiti hao mwaka 1937, na vya Zika mwaka 1947 katika kima wa utafiti aliyewekwa katika msitu wa Zika ulio karibu na Entebbe. Hakuna aliyeuawa kwa ajili ya chupa hizo. Hata hivyo damu ilichukuliwa kweli, ikatiwa kwenye chupa kweli, ikaenda kwa Wazungu kweli, na waliobeba masanduku walikuwa Waafrika wenye mshahara na viatu.

Niliandika haya yote katika rasimu yangu ya kwanza na nikaridhika nayo sana. Nilihitimisha kwamba hadithi ya bazimamoto ni sitiari ya ukoloni: damu ni nguvu kazi, shimo ni mgodi, gari ni serikali. Ni hitimisho linalopendwa darasani, na silikatai. White mwenyewe anaonyesha vizuri kwamba uvumi ni chanzo cha historia kwa sababu unatufunulia watu waliogopa nini na waliieleza vipi dunia yao mpya.

Mhadhiri wangu alinirudishia rasimu ikiwa na alama nzuri na swali moja kwa kalamu ya risasi: "Kaka wa bibi yako aliitwa nani, na alikuwa anakwenda wapi?"

Sikujua. Nilikuwa na rekodi ya dakika arobaini, nyota tano na kurasa tisa za insha, na sikujua jina la mtu. Kama mpenzi wa mizimu nilimtaka awe mwisho mzuri wa hadithi. Nilipojifanya mwanahistoria nikamgeuza kuwa sitiari. Hizi ni njia mbili tofauti za kumpita mtu barabarani bila kumsalimu, na mimi nilizifuata zote mbili kwa furaha.

Nilirudi Masaka wakati wa likizo ya Pasaka. Sikuchukua simu mezani. Tulikuwa tunamenya matoke uani, na nilipomuuliza aliendelea kumenya mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha alilitaja jina. Sitalitaja hapa kwa sababu ameniomba nisilitaje. Alikuwa na miaka kumi na tisa au ishirini. Alikuwa anakwenda Kampala kutafuta kazi, na alisema akikosa ataendelea hadi Mombasa, ambako watu walisema bandari inaajiri. Aliondoka kabla ya alfajiri kwa miguu kwenda kungojea gari barabara kuu, amevaa koti la baba yao. Hakuandika. Mwaka ulipita, wa pili ukapita, na mtu mmoja kijijini akasema lile neno, bazimamoto, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena.

"Lilitusaidia," jjajja alisema. "Kabla yake watu walisema ametukimbia."

Nilimuuliza kama yeye aliamini. Alisema kwamba baba yake aliamini, na kwa hiyo aliacha kumtafuta. Mama yake hakuamini. Kwa sababu hapakuwa na maiti, familia haikuweza kufanya okwabya olumbe, sherehe ya mwisho ya msiba ambayo kwetu ndiyo inayomfungia marehemu mlango kwa heshima. Mpaka leo hajafanyiwa. Katika mpangilio wa ukoo wetu yeye si hai wala si mfu.

Halafu aliniambia jambo ambalo halimo katika rekodi yangu wala katika kitabu chochote nilichosoma. Usiku, injini iliponguruma na kijiji chote kikakimbilia migombani, mama yake hakukimbia. Aliwasukuma watoto gizani, akachukua tadooba, akaenda kusimama kando ya barabara. Majirani walidhani amepagawa. Jjajja, akiwa amelala kifudifudi chini ya mgomba, aliuona ule mwanga mdogo na alimchukia mama yake kwa kuwahatarisha. Gari lilipita. Mama alirudi ndani, akaweka taa chini, akalala. Alifanya hivyo kila gari lilipopita, kwa miaka.

Nimeifuta ile safu ya nyota katika daftari. Sasa ninaandika maombi ya kuruhusiwa kusoma orodha za vibarua wa miaka ya 1950, za hapa kwetu kwanza, na nikijaliwa za Mombasa. Huenda nisipate kitu. Vijana wengi walibadilisha majina walipofika mjini, na makarani waliandika walivyosikia. Jjajja anajua ninachofanya, na ameniwekea sharti moja: nikilikuta jina, nisimpigie simu. Nipande basi, nifike nyumbani, tule kwanza, ndipo nimwambie.