Misa ya Kamina: watoto waliimba, jina likabaki la Padre

Wiki hii siasa tunaiacha kando kidogo.

Binamu yangu yuko Gredi ya 10. Yuko kwenye lile kundi la kwanza kabisa lililoingia sekondari ya juu Januari 2026, na amechagua mkondo wa Sanaa na Michezo. Shule yake ni ya Kikatoliki, ya wavulana, na sitaitaja. Tulipokutana kwa shosho, anko mmoja aliweka kikombe cha chai chini akauliza, "Na hao mapadre wamekubali aje? Mtoto hupelekwa kwa mapadre asome, si akapige ngoma." Watu wakacheka. Binamu akainamia simu yake, na mimi namjua, akiinamia simu hivyo ujue ameumia.

Enyewe anko hayuko peke yake. Wizara ilipopanga hii mikondo mitatu, yenyewe ilitarajia kama asilimia 15 tu ya wanafunzi waende Sanaa na Michezo, na asilimia 60 waende STEM. Kwa hivyo ukichagua sanaa, watu wanadhani umeangukia pale baada ya kukosa mahali pengine. Na ukiichagua katika shule ya mapadre, wanadhani hata Mungu amekasirika.

Lakini hiyo ya mapadre na ngoma ilinikaa kichwani. Nikaanza kuchimba, na nimekuja na stori mbili, moja ya Kongo na moja ya Zimbabwe. Zote mbili zinaonyesha anko amekosea. Halafu zinaleta swali lingine ambalo limeninyima usingizi zaidi ya lile la anko.

Twende Kamina. Huu ni mji wa Katanga, kusini mwa Kongo, katika nchi ya Waluba, na Kiswahili kinasikika huko hadi leo. Mwaka 1953 Kongo bado ni koloni la Ubelgiji. Padre Mfransisko anayeitwa Guido Haazen anashika usimamizi wa shule ya pale, na haikawii anaanzisha kwaya na kikundi cha ngoma. Wavulana ni kama 45, wa miaka 9 hadi 14 hivi, pamoja na walimu wao kama 15. Kikundi kikapewa jina la mfalme wa Ubelgiji: Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani waimbaji wa Mfalme Baudouin. Hilo jina liweke mahali, tutalirudia.

Kumbuka hizo ni siku ambazo misheni nyingi Afrika ziliona ngoma kama kitu cha shetani. Ukibatizwa, ngoma unaiacha nje. Misa ilikuwa ya Kilatini, na nyimbo zilikuwa za Ulaya, uzielewe usizielewe. Sasa hapo Kamina wakafanya kitu ambacho ukikisikia leo utadhani ni rahisi. Walichukua maneno yale yale ya Misa ya Kilatini, Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus, Agnus Dei, hawakubadilisha maana, wakayaimba kwa namna za nyumbani. Kyrie ilifuata kasala, ule utungo wa Waluba unaosikika kwenye maombolezo. Fikiria hiyo kidogo: maneno yanasema Bwana utuhurumie, na sauti ni ya mtu aliye msibani. Sanctus nayo ilitokana na wimbo wa kuagana. Agnus Dei ilitokana na wimbo wa Bena Lulua wa kule Kasai.

Na hakuna aliyewaandikia noti. Kiongozi anaanza, kwaya inaitikia, ngoma zinashika, na kila mtu anajua mahali pa kuingia vile wewe unavyojua mahali pa kuingia kwenye wimbo wa harusi ya kwenu. Waliibuni kwa pamoja, mazoezi baada ya mazoezi, mpaka ikakaa. Padre alikuwa na wazo, sikatai. Pia alikuwa na muda, chumba, na uwezo wa kusema "leo saa fulani ni kwaya" na ikawa hivyo. Lakini kasala hakuijua kuliko hao watoto. Hapo mwalimu alikuwa upande ule mwingine.

Tarehe 23 Machi 1958 Misa hiyo iliimbwa kwa mara ya kwanza, hapo hapo Kamina. Inaitwa Missa Luba. Sasa cheki tarehe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano wa maaskofu uliobadilisha mambo mengi, ulifunguliwa Oktoba 1962, na waraka wake kuhusu liturujia, uliotoa nafasi kwa muziki wa watu wa kila nchi, ulitoka Desemba 1963. Watoto wa shule ya Kamina walikuwa wametangulia kwa zaidi ya miaka 5. Ukiambiwa tena ati sanaa ya shule ni ya kupoteza wakati, kumbuka hiyo.

Mwaka huo huo wa 1958 wakapelekwa Ulaya. Waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na kampuni ya Philips ikatoa rekodi. Na hapa kuna kitu kinachonichoma. Mwaka huo Brussels ilikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, Expo 58, na ndani yake kulikuwa na "kijiji cha Wakongo". Watu wazima na watoto waliwekwa nyuma ya uzio wa mianzi watazamwe wakifanya kazi za mikono, na baadhi ya watazamaji waliwadhihaki na kuwatupia vitu kama wanyama wa kufugwa. Wakongo hao walikataa, wakaondoka kabla ya maonyesho kuisha. Nchi moja, mwaka mmoja. Upande mmoja wanapigia makofi kwaya ya watoto wa Kongo, upande mwingine wanawarushia ndizi wazazi wao.

Rekodi ikaendelea na maisha yake. Mwitaliano Pier Paolo Pasolini akaitumia kwenye filamu yake ya mwaka 1964 kuhusu Injili ya Mathayo. Mwaka 1968 ikaingia kwenye filamu ya Uingereza inayoitwa if...., ya Lindsay Anderson, na hii ndiyo ninayoipenda. Ni filamu ya wanafunzi wa shule ya bweni ya matajiri wanaochoka na sheria na viboko mpaka wanaasi. Yule mwanafunzi mkaidi, aliyeigizwa na Malcolm McDowell, ana rekodi moja anayoirudia rudia chumbani. Ni ile Sanctus ya Kamina. Filamu ilishinda tuzo kubwa ya Cannes mwaka 1969, na mwaka huo huo Sanctus ikaingia 40 bora za Uingereza. Muziki wa Misa, wa Kilatini, ulioimbwa na watoto wa shule Katanga! Na hawakuwa na simu hata moja ya kurekodi video.

Hata Kenya imo. Mwaka 1990 Muungano National Choir, chini ya Boniface Mganga, walitoa Missa Luba yao kupitia Philips, wakaiunganisha na nyimbo za asili za Kenya. Kama wazazi wako waliimba kwaya miaka hiyo, waulize. Mathe aliposikia nimetaja Mganga alianza kuimba akiosha vyombo. Sikujua anajua.

Sasa turudi kwa majina. Rekodi ilikwenda duniani ikiwa na jina la mfalme ambaye hakuimba hata noti moja. Muziki ulipokuja kuandikwa na kuchapishwa, jina lililokaa juu ni la Padre Guido Haazen kama mpangaji. Haazen mwenyewe, kwa haki yake, alieleza kwamba kwaya ndiyo iliyoibuni kwa pamoja. Sijasema alikuwa mwizi, msinitukane. Lakini ukitafuta leo nani alitengeneza Missa Luba, jina la Haazen unalipata kwa sekunde mbili. La mwalimu Joachim Ngoi, ile sauti inayoongoza, unalipata ukichimba. Ya wale wavulana 45? Jaribu.

Ya pili ni fupi. Mwaka 1948, kule Zimbabwe ambayo wakati huo ni Rhodesia Kusini, padre Mswisi anayeitwa John Groeber alianzisha misheni ya Serima, upande wa Masvingo. Huyu alikuwa amesomea usanifu wa majengo, na shuleni kwake sanaa haikuwa klabu ya Ijumaa jioni. Ilikuwa somo. Unaanza kwa kuchora, unaenda kwa udongo, na mkono ukishakubali unapewa mti na patasi. Kanisa la Serima lilijazwa kazi za wanafunzi hao: milango, nguzo, altare, malaika wenye sura za Kiafrika. Kuna kichekesho kidogo hapa. Washona hawakuwa na desturi kubwa ya vinyago, kwa hivyo Mswisi ndiye aliyewaonyesha vijana wa Kishona picha za vinyago vya Afrika Magharibi na ya Kati ili wajifunze kuchonga "Kiafrika". Kamina padre aliwaacha watoto walete vya nyumbani. Serima padre aliamua mwenyewe nyumbani panafananaje. Kwangu mimi Kamina wanashinda hapo.

Hata hivyo, Serima ilitoa mtu ambaye jina lake halikupotea. Nicholas Mukomberanwa, mzaliwa wa 1940, alijifunza kuchonga pale. Baadaye akawa polisi mjini Salisbury, ambayo sasa ni Harare, huku akichonga mawe katika karakana ya jumba la taifa la sanaa. Mwishowe akaacha upolisi, akawa mmoja wa wachongaji wakubwa wa Zimbabwe, na watoto wake kadhaa wakamfuata kwenye kazi hiyo. Tofauti yake na watoto wa Kamina ni nini? Kipaji sidhani. Jiwe lake alilichonga mwenyewe, likauzwa kwa jina lake. Wimbo wa watu 60 hauna mahali pa kutia sahihi.

Hii ndiyo sehemu inayonihusu. Nikiwa kidato cha tatu, wanafunzi watatu, mimi nikiwa mmoja wao, tuliandika mchezo wa jukwaani. Tuliuandika bwaloni baada ya chakula cha jioni, kwenye daftari la mtu ambaye hata hakuwa anaigiza. Tulifika mashindano ya kanda. Siku hiyo nikafungua karatasi ya ratiba, nikaona mahali pa mtunzi kuna jina la mtu mzima aliyeingia kwenye mazoezi wiki ya mwisho. Nilimuuliza mwalimu. Akaniambia, "Shule ndiyo imeandika. Nyinyi ni shule, ama sivyo?" Nikasema ndiyo, mwalimu. Miaka 17, ungesema nini? Daftari lenyewe lilipotea muhula uliofuata, na sina kitu cha kukuonyesha leo.

Nimekuja kujua baadaye kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hailindi wazo lililo kichwani au wimbo ulioimbwa ukapotea hewani. Kazi lazima iwe imeandikwa, imerekodiwa, au imewekwa katika umbo fulani linaloshikika. Na mwaka 2016 tukapata sheria nyingine ya kulinda maarifa na sanaa za jadi za jamii, kwa sababu nyimbo za akina shosho hazina mtunzi mmoja wa kumwita ofisini. Sasa soma tena stori ya Kamina ukiwa na hizo mbili mkononi. Mwenye kalamu na mwenye mashine ya kurekodi ndiye karatasi inayemjua. Watoto walikuwa na kila kitu isipokuwa hivyo viwili.

Kwa hivyo anko, ukisoma hii (najua hutasoma, lakini anti atakuonyesha), mapadre walikubali zamani. Swali la kumuuliza huyu kijana ni lingine.

Nilimpigia juzi. Wanatayarisha kipande cha muziki na densi, na wamechukua wimbo ambao shosho huuimba akichambua mboga, wakauongeza kasi. Aliniimbia kidogo kwenye simu, na manze ni mzuri. Nikamuuliza kama wamerekodi mazoezi na kuandika majina.

"Majina ya nani?"

"Yenu. Wote. Na la shosho."

Akasema wako 31, na wengine huingia tu siku za Alhamisi. Nikamwambia hata wa Alhamisi. Ilipofika saa nne usiku akanitumia picha ya karatasi ya daftari. Majina 26, mwandiko mbaya sana, na juu kabisa ameandika la shosho, lakini amekosea herufi.