Makovu ya Silika, si Kifua Kikuu cha Vumbi

Orodha ya istilahi waliyogawiwa makarani wanaonukuu maelezo yaliyorekodiwa ya madaktari na wagonjwa huku kwetu imeigeuza silikosisi, ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la mawe lenye silika, kuwa "kifua kikuu cha vumbi". Nimeisoma hapa Mwadui, wilayani Kishapu, na nimeshindwa kuinyamazia. Kamati iliyoiandaa ina vyeti na vikao vya kutosha, lakini mstari huo mmoja unaharibu kazi ya kurasa zote zilizobaki.

Tuanze na kivumishi chenyewe. "Kuu" hutaja kilichowazidi wenzake kwa cheo au uzito: barabara kuu, mwalimu mkuu, dhambi kuu. Waliouita ugonjwa ule kifua kikuu walitaka kusema kwamba ndio mkubwa wa maradhi ya kifua, na jina hilo limekwisha kufungwa kwa ugonjwa mmoja tu, TB, ule unaoletwa na bakteria aliyetangazwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Ukisema kifua kikuu cha vumbi, umesema kwamba vumbi huzaa bakteria. Ni kweli kwamba vumbi la silika hudhoofisha kinga ya mapafu, hata mwenye silikosisi akawa mwepesi wa kupata TB kuliko jirani yake. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuyapa maradhi haya majina mawili yasiyogusana. Mchimbaji mmoja anaweza kuugua yote mawili kwa wakati mmoja. Karani mwenye orodha ile ataandika nini kwenye faili lake? Kifua kikuu na kifua kikuu?

Neno silikosisi lina mizizi yake. Kilatini husema silex, yaani jiwe ambalo sisi tunaliita gumegume, lile lililowasha moto wa kale na kulipua bunduki za zamani. Katika miaka ya 1860 daktari Mjerumani, Friedrich Albert von Zenker, aliunganisha neno la Kigiriki la mapafu na konis, vumbi, akapata jina la jumla la maradhi yote ya mapafu yatokanayo na vumbi. Miaka michache baadaye Mwitaliano Achille Visconti akatoa jina mahususi la ugonjwa wa vumbi la silika, silikosisi. Tangu hapo wataalamu wana ngazi mbili, ya jumla na ya mahususi, na mkia wa neno, -osis, hutaja hali iliyoupata mwili bila kudai kwamba kuna vimelea. Kamati imezivuruga ngazi zote mbili kwa pigo moja.

Kosa hili si geni, na ndiyo maana linaniudhi zaidi. Kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, Waingereza waliuita ugonjwa huu kwa jina lao la zamani la kifua kikuu, wakaongeza tu kwamba ni wa wachimbaji. Sheria ya fidia ya mwaka 1911 ilibeba jina hilo. Mkutano wa kimataifa wa Johannesburg wa mwaka 1930 uliitishwa kuichambua silikosisi kwa jina lake, na sheria ya mwaka 1946 hatimaye ikaandika silikosisi. Walichohangaika kukitenganisha kwa zaidi ya miaka 30, sisi tunakishona upya.

Istilahi ninayoitetea ni makovu ya silika. Punje ndogo mno za silika hufika hadi kwenye vifuko vya hewa. Chembehai za kinga huzimeza, hufa, na mahali pale hushika kovu. Kovu Mswahili analijua: alama isiyofutika ingawa jeraha limekwisha. Anayeambiwa ana makovu mapafuni anaelewa papo hapo kwamba hakuna kidonge cha kuyaondoa, na kwamba hatamwambukiza mtoto wake. Tena istilahi hii ina uzao. Tutapata makovu ya asbesto, tutapata makovu ya makaa kwa wachimbaji wa makaa ya mawe, na jina la jumla la Zenker litakuwa makovu ya vumbi. Kifua kikuu cha vumbi hakizai chochote.

Nimejibiwa, na kwa kejeli, kwamba silika kwa Kiswahili ni hulka, kwa hiyo nimebuni "makovu ya tabia". Silika hiyo ni ya Kiarabu, hii ni ya Kilatini, nayo imekwisha kuingia katika masomo ya kemia. Kiswahili kina paa la nyumba na paa wa porini, kina mbuzi wa maziwa na mbuzi ya kukunia nazi, wala hakuna mpishi aliyewahi kumkama mbuzi wa nazi. Mwingine amenipendekezea "vumbipafu". Hilo ni rundo la silabi. Halisemi kilichotokea mapafuni.

Kuhusu matumizi: mgonjwa akisema kwenye rekodi "kifua kinanibana", karani anukuu hivyo hivyo bila kukigeuza kuwa ugonjwa; daktari akitaja silikosisi, aandike makovu ya silika; sauti isiposikika, aache pengo lenye alama na amuulize daktari.

Wanaoumia kwa mstari ule si wanakamati. Vijana wa Kishapu huenda Geita kutafuta dhahabu, kwenye mashimo (maduara) na mashine za kusagia mawe (makarasha) za Nyarugusu na Lwamgasa, ambako mwamba mweupe wenye silika nyingi husagwa ukiwa mkavu hadi nyusi zikawa nyeupe. Picha ya mapafu ya silikosisi hufanana na ya TB, kwani yote mawili hupenda sehemu za juu za mapafu. Faili likishaandikwa kifua kikuu, kijana atameza dawa za miezi sita ambazo huenda hazimhusu, kisha atarudi karashani akiamini amepona. Na aliyeajiriwa mgodini, akidai haki yake chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, atafika na karatasi isiyotaja kilichompata kazini.

Nawaomba walioandaa orodha waufute mstari huo katika toleo lijalo. Makarani wasingoje toleo hilo. Waanze kuandika makovu ya silika leo.